Barua ya Onyo Si Mafunzo

Kampuni moja ya usafi jijini Dar es Salaam ilipoteza mkataba wake mkubwa kuliko yote kwa kushindwa kuwasilisha cheti ambacho muda wote kilikuwa ndani ya kabati lake. Baadhi ya waliokuwamo wameniomba nisiitaje kampuni wala watu wake, na sitawataja. Kisa chenyewe wameniruhusu nikisimulie. Nakisimulia kwa sababu sisi tunaofanya kazi ya rasilimali watu, mimi nikiwemo, tunaweza kuanguka palepale walipoanguka wenzetu, tena tukiwa tunajiona watu makini.

Mkataba ulikuwa wa kusafisha majengo ya taasisi moja kubwa ya binafsi. Kampuni ilikuwa imeifanya kazi hiyo kwa miaka, na mteja hakuwa na lalamiko la maana. Muda ulipokaribia kwisha, mteja akatangaza zabuni upya kama utaratibu wake unavyotaka, na kampuni ikaomba. Katika kuzipitia nyaraka, kamati ya mteja ikaona kwamba nakala ya cheti cha OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ilikuwa imepitwa na muda. Hawakuitupa zabuni. Waliandika baruapepe wakiomba nakala ya cheti kilicho hai, iwafikie ndani ya siku tatu za kazi.

Cheti kipya kilikuwapo. Kilikuwa kimetobolewa vizuri, kimepewa namba, kimelala katika jalada lake. Aliyeandaa zabuni alichukua nakala ya zamani aliyoikuta kwenye kompyuta, kwa kuwa ile mpya haikuwahi kuskaniwa. Aliyekihifadhi ni katibu mahsusi wa mkurugenzi, na mtu yeyote angemwuliza angekitoa mara moja. Hakuna aliyemwuliza. Baruapepe ilikaa katika kikasha cha ofisi hadi muda ukapita, na zabuni ikaenda kwa wengine. Mkurugenzi alijua siku alipopiga simu mwenyewe kuulizia matokeo. Baada ya hapo wafanyakazi waliokuwa wakiingia katika majengo yale kila alfajiri, wengi wao akina mama wenye watoto wa shule, wakaambiwa kazi imekwisha.

Ilikuwaje baruapepe ikalala? Katibu alikuwa likizo. Kitini pake aliwekwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, kijana mtiifu, ambaye maelekezo aliyopewa ni kuangalia kompyuta na kupokea simu. Aliufungua ujumbe wa mteja, akausoma, hakuujua uzito wake, akaendelea na mengine. Katibu alirudi Jumatatu, na siku ya mwisho ya kuwasilisha cheti ilikuwa Jumanne. Akafungua kikasha kama alivyozoea, akatafuta mistari yenye maandishi yaliyokoza. Hivyo ndivyo alivyozijua baruapepe mpya, na hata hilo alijifunza mwenyewe kwa kutazama tu. Ujumbe wa mteja ulikuwa umekwisha kufunguliwa, kwa hiyo maandishi yake hayakukoza tena. Akaupita.

Hapo ndipo wengi husema ni uzembe. Neno hilohilo ndilo lililoandikwa katika barua ya kumwachisha kazi. Namwomba msomaji asilipokee upesi.

Katibu yule alisomea uhazili Tabora, katika chuo kilichotoa makatibu wengi wa ofisi za serikali na mashirika kabla hakijawa sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 2000. Alijua hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza. Alipiga chapa bila kuangalia vidole. Barua ikiletwa mkononi aliigonga muhuri wa tarehe, akaiandika katika rejesta ya barua zinazoingia, akaitia kwenye jalada lake na kuipa namba ya folio, ndipo akaipeleka kwa mkurugenzi. Kama barua ilidai jibu, aliandika tarehe katika shajara yake na kulirudisha jalada mezani kwa bosi kabla siku haijafika. Waliofanya naye kazi wanasema hawakumbuki barua ya karatasi iliyopotea mikononi mwake.

Kampuni ilipohamia kwenye baruapepe, hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba baruapepe nayo ni barua: inaandikwa kwenye rejesta, ina jalada lake, ina tarehe ya kujibiwa. Alikabidhiwa kompyuta na nywila, kijana wa TEHAMA akamwonyesha pa kubofya, akaondoka. Mafunzo yakawa hayo.

Niliitwa baadaye kuwasaidia kuipanga upya masijala, na kitu cha kwanza nilichoomba ni rejesta. Miaka ya mwanzo kurasa zake zimejaa mstari kwa mstari, kwa mwandiko safi. Kadiri unavyofunua kuja mbele, mistari inapungua, hadi miezi ya mwisho kurasa ziko nusu tupu. Wakati huohuo kampuni ilikuwa inakua na wateja wanaandika kila siku. Barua zilikuwa zinaingia kwa mlango ambao rejesta haikuuona. Kitabu kile kilikuwa wazi juu ya meza ya katibu miaka yote. Meneja, mkaguzi wa ndani, afisa rasilimali watu, yeyote kati yao angekifunua kwa dakika tano angeuona upungufu huo.

Ilikuwapo dalili nyingine iliyokuwa karibu zaidi na macho ya watu. Kwenye ukingo wa skrini yake palikuwa pamebandikwa karatasi ndogo yenye nywila ya kikasha cha ofisi. Aliibandika kwa sababu kila alipotoka, hata kwa dakika chache, kuna mtu alihitaji kuingia humo, na alichoka kupigiwa simu. Wakubwa walipita pale kila siku. Ofisi ya katibu ndimo inamopita mishahara, fomu za matibabu, barua za nidhamu na mambo ya siri ya watu. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na karatasi ile ilitosha kuiingiza kampuni matatani kwa sababu tofauti kabisa na zabuni. Hakuna aliyesimama kuuliza kwa nini imebandikwa.

Lakini dalili inayoniumiza zaidi ni ya printa.

Katibu alikuwa akichapisha kila baruapepe iliyoingia. Kila moja, hata ya mistari miwili. Akishaichapisha aliigonga muhuri, akaiingiza kwenye jalada, akaandika tarehe ya kujibiwa katika shajara. Kwa njia hiyo alikuwa ameuunganisha ulimwengu mpya na ule aliousomea, na kwa muda mambo yalikwenda. Mhasibu akaona gharama za wino na karatasi zinapanda. Akalipeleka suala katika kikao cha menejimenti, na kikao kikatoa agizo kwamba ni marufuku kuchapisha baruapepe. Nia ilikuwa njema, kubana matumizi. Agizo lilichapwa na katibu mwenyewe na kubandikwa ukutani juu ya printa. Alilitii.

Kikao kile kilikuwa kimemnyang'anya njia pekee aliyokuwa nayo ya kufuatilia baruapepe bila kumpa nyingine, na meneja rasilimali watu alikuwa amekaa humohumo akiinua mkono kuunga hoja. Naliwaza hilo mara nyingi. Swali moja tu lingetosha: kwa nini anachapisha? Jibu lake lingekuwa ndiyo tathmini yote ya mahitaji ya mafunzo ambayo kampuni ilihitaji kuifanya. Tunapenda kuandaa madodoso marefu ya kutambua mahitaji ya mafunzo, na ni vizuri, lakini mfanyakazi akibuni njia ya kuzunguka jambo asilolijua, kile anachokizunguka ndicho anachohitaji kufundishwa.

Tangu agizo lile makosa yakaanza. Kwanza muhtasari wa kikao cha bodi ukatumwa kwa wajumbe ukiwa bado haujasahihishwa, kwa sababu katika kompyuta yake kulikuwa na nakala kadhaa zenye majina yanayofanana na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuzitofautisha. Kisha mwaliko wa kikao cha mteja ukaonekana siku moja baada ya kikao. Kisha lalamiko la msimamizi wa jengo fulani likakaa bila jibu hadi mteja akaja juu. Kila mara mkurugenzi alimwita meneja rasilimali watu, meneja akamwandikia katibu barua ya kujieleza, katibu akajieleza kwa unyenyekevu, akapewa onyo la maandishi. Jalada lake binafsi likanenepa.

Meneja yule, ambaye sasa hasimulii mambo haya bila uchungu, aliniambia kwamba katika majibu yake yote katibu aliandika sentensi inayokaribiana: anaomba radhi, na anaomba afundishwe. Waliisoma sehemu ya radhi.

Tena si katika barua hizo peke yake. Fomu ya tathmini ya mwaka ilikuwa na sehemu ya mafunzo anayohitaji mfanyakazi, na kwa miaka mitatu mfululizo alijaza ombi lilelile, mafunzo ya kompyuta na ya kutunza kumbukumbu kwa kompyuta. Msimamizi wake alitia saini na fomu zikapelekwa rasilimali watu, zikatobolewa, zikahifadhiwa. Fungu la mafunzo lilikuwapo katika bajeti, na lilitumika. Mameneja walihudhuria semina Arusha na Zanzibar. Barua za kuomba nafasi katika semina hizo zilichapwa na katibu, tiketi alizifuatilia yeye, na vyeti waliporudi navyo alivihifadhi yeye.

Nimejiuliza kwa nini katibu husahaulika hivi, maana sijaona ofisi moja tu yenye hali hiyo. Nadhani sababu kubwa ni mahali anapokaa. Yuko mlangoni kwa bosi, kwa hiyo sisi wa rasilimali watu tunamhesabu kuwa mtu wa bosi, na bosi anamhesabu kuwa mfanyakazi kama wengine ambaye rasilimali watu wanamshughulikia. Kila upande unaamini mwenzake anamwangalia. Nyingine ni imani kwamba ukatibu ni kazi ambayo mtu huja nayo ikiwa kamili kutoka chuoni. Matangazo ya ajira serikalini siku hizi humwita Mwandishi Mwendesha Ofisi. Yanamtaka awe na stashahada ya uhazili, hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 100 kwa dakika moja, na ujuzi wa programu za ofisi kama Word, Excel, PowerPoint, intaneti na baruapepe. Ni jambo jema kwa anayeingia leo. Aliyeingia zamani, akiwa na taipureta, hakuna tangazo linalomhusu. Anategemea tumkumbuke sisi.

Na iko sababu ambayo husemwa kwa sauti ya chini: akienda mafunzo wiki mbili, nani atakaa ofisini? Katika kampuni ile swali hilo liliulizwa na ombi likafa. Likizo yake ya mwaka, ambayo ni ndefu kuliko kozi yoyote aliyoiomba, alikwenda kila mwaka na ofisi ikawekewa yeyote aliyekuwa na nafasi, bila makabidhiano ya maandishi. Tulipoiangalia hesabu hiyo pamoja, meneja alinyamaza.

Kila Aprili kampuni iliadhimisha Siku ya Makatibu, desturi iliyoanza Marekani mwaka 1952 na ambayo ofisi zetu nyingi zimeipokea. Kulikuwa na keki, vitenge, na hotuba fupi ya kumsifu katibu kuwa nguzo ya ofisi. Sina ubaya na zawadi, na katibu mwenyewe alizifurahia. Ila zawadi zilikuwa na fungu katika bajeti kila mwaka, na mafunzo yake hayakuwahi kutengewa hata shilingi.

Zabuni ilipopotea, mkurugenzi alitaka mtu awajibike, na maonyo yalikuwa tayari jaladani. Katibu akaachishwa kazi kwa utendaji duni na uzembe. Wenzake walimsindikiza hadi kituo cha daladala. Alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Kwa ushauri wa mdogo wake, akapeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; sheria inataka malalamiko hayo yafike huko ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.

Kampuni haikuogopa. Ilikuwa na barua za kujieleza, maonyo, hasara inayoonekana. Meneja alimpelekea wakili jalada zima akiamini kesi imekwisha kabla ya kuanza. Wakili akalifunua ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza: cheti cha mafunzo mliyompa kiko wapi?

Ndipo walipoelezwa jambo ambalo kila mwenye kazi yetu anapaswa kulijua kwa moyo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kuna kanuni za utendaji bora zilizotangazwa mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, achunguze kwanza chanzo cha udhaifu, ampe mwongozo, maelekezo au mafunzo pale yanapohitajika, na ampe nafasi ya kujirekebisha. Maonyo ambayo kampuni iliyategemea kama kinga ndiyo yaliyoibana. Yalionyesha kwamba tatizo lilijulikana kwa muda mrefu. Fomu za tathmini zilionyesha kwamba dawa yake iliombwa kwa maandishi na mhusika mwenyewe. Hapakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha kwamba kuna aliyeitikia. Wakili akashauri wasiendelee, wakamalizana na katibu katika hatua ya usuluhishi kwa malipo. Hivyo kampuni ikapoteza mkataba, ikapoteza mtunza kumbukumbu hodari, na ikalipa juu yake.

Ndugu zangu wa rasilimali watu, tusome kisa hiki tukijitazama. Kila mwezi waajiri wengi wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na ni rahisi kuona kwamba kwa kulipa hiyo wajibu wetu wa kufundisha umetimia. Haujatimia. Kumfundisha katibu kunaanza na kukaa karibu naye anapofanya kazi. Nenda kakae pembeni ya meza yake asubuhi moja, usiwe na fomu mkononi. Tazama barua inaingiaje, baruapepe inaingiaje, zinakutana wapi. Tazama karatasi alizobandika na daftari dogo la maelekezo aliyojiandikia mwenyewe, kwa kuwa humo kuna kila jambo ambalo hakufundishwa. Mwulize akienda likizo anamkabidhi nani, na kwa maandishi gani. Usimwulize mbele ya bosi wake. Makatibu wamezoea kuficha wasichokijua ili bosi asiaibike kwa kuwa na katibu asiyejua.

Mafunzo mengi wanayohitaji si ya gharama kubwa. Katika kampuni ile, tulipoanza kuipanga upya masijala, katibu mpya alihitaji siku chache za kufundishwa rejesta moja inayopokea karatasi na baruapepe kwa pamoja, namna ya kupanga nyaraka kwenye kompyuta kwa tarehe na namba ya jalada, kuskani kila cheti siku kinapofika, na kuweka alama kwenye ujumbe unaodai jibu. Kila anayekaimu kiti hicho ana nywila yake. Mwanafunzi wa vitendo haachiwi kikasha peke yake. Kozi ndefu chuoni zina nafasi yake, nazo zipangwe, lakini tusizisubiri kama kisingizio.

Pia tusiogope kwamba katibu akifundishwa atahama. Wengine watahama kweli. Yule wa kampuni ile hakuwahi kufikiria kuhama. Alifukuzwa akiwa bado anaomba kufundishwa. Leo anafanya kazi katika shule moja, na wiki ya kwanza tu mkuu wa shule alimketisha na mwalimu wa kompyuta.

Basi nakuomba, mwenzangu, kabla hujatia saini barua nyingine ya onyo kwa katibu, fungua jalada lake utafute tarehe ya mwisho alipofundishwa jambo hilo unalomwonya. Usipoiona, iweke barua hiyo kando, uandike kwanza ombi la mafunzo yake, na ulipeleke wewe mwenyewe kwa mkurugenzi.